Kamba Iliyolowa Maji ya Betri

Kila Ijumaa jioni, baada ya kuosha vyombo na kabla ya kufungua daftari la hesabu, Kisakye alitandika mkeka uani na kuilaza kamba juu yake. Ilikuwa kamba ya rangi ya machungwa, urefu wa mita arobaini, nene kama kidole chake cha shahada. Aliipitisha mikononi polepole kutoka ncha moja hadi nyingine, akitafuta mahali palipochakaa, palipovimba au palipolegea. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima, na hakutaka mtu amsemeshe.

"Watoto wa wenzangu wanalea wadogo zao," mama yake, Fortunate, alikuwa akisema kila aliporudi kutoka kwenye kibanda chake cha matoke na nyanya. "Wa kwangu analea kamba."

Alikuwa akimtania, lakini hakukosea. Kisakye, msichana wa miaka kumi na miwili, aliipenda kamba ile kwa sababu ndiyo iliyompandisha Jebel. Kila Jumamosi asubuhi watoto sita wa mtaa wa Munuki walikwenda Jebel Kujur, kile kilima cha mawe kilicho kando ya mji wa Juba, kujifunza kupanda mwamba. Kocha wao alikuwa Zadock, Mkenya mrefu mwenye maneno machache, fundi wa minara ya simu. Siku za kazi alipanda minara. Jumamosi aliwafundisha watoto bila malipo, kwa sharti moja tu, kwamba wamsikilize.

Wote walikuwa wageni wa mchezo huo. Mwezi mzima wa kwanza hawakupanda hata urefu wa mlango. Walijifunza kufunga fundo lenye umbo la tarakimu nane, kuvaa mkanda wa kupandia unaozunguka kiuno na mapaja, na kukagua mkanda wa mwenzako kwa mkono badala ya macho. Kisha walijifunza sheria za kamba. Kamba haikanyagwi. Kamba haiazimwi. Na kamba ikikutana na kitu chochote, iwe moto, mafuta au dawa, mtunzaji aseme siku hiyo hiyo. Kila mwezi mtoto mmoja alipewa kuitunza nyumbani kwao, na Novemba ilikuwa zamu ya Kisakye.

"Atakayevunja sheria ya kamba," Kocha Zadock alikuwa amewaambia, "hana kazi na sisi."

Kisakye aliyashika sana maneno hayo. Kwa bahati mbaya alishika zaidi ile sehemu ya kufukuzwa.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa kumi na moja jioni, pikipiki ilinguruma mlangoni. Alikuwa Mjomba Waiswa, mdogo wa mama yake, dereva wa boda boda. Nyuma yake, juu ya kiti, zilikaa betri mbili kubwa za sola zikiyumba.

"Kisakye! Mipira yangu ya kufungia imekatika yote," alisema akihema. "Mteja iko New Site, ananingoja, na hii mizigo itaanguka." Macho yake yakapenya ndani hadi kwenye msumari ukutani, kamba ilipotundikwa. "Ile kamba iko ya nani?"

"Ya kikundi, Mjomba. Haiazimwi."

"Nusu saa tu! Mimi ni mwizi? Nani anakupeleka shule kila siku bila hata kumlipa?"

Hapo alimpata. Ni kweli alimpeleka kila asubuhi, jua au mvua, na kumnyima mjomba kitu ni jambo gumu kwa mtoto yeyote. Mama hakuwepo wa kumwamulia. Kisakye alisita, akatazama barabarani kama kuna mtu anayewaona, kisha akaitoa kamba.

Nusu saa ikawa saa moja na nusu. Kamba iliporudi ilikuwa imeviringishwa ovyo, na kama hatua nane kutoka ncha moja ilikuwa imelowa, urefu wa shubiri. Ilinuka uchachu unaochoma pua. Suruali ya Mjomba Waiswa nayo ilikuwa na doa bichi gotini.

"Ni maji ya betri tu, yamemwagika kwenye mashimo ya barabara," alisema. "Nimepanguza na kitambaa. Kalas, imeisha. Wewe mtoto, usiniangalie hivyo!"

Kisakye aliisuuza kamba kwa maji na sabuni, akaianika ndani kivulini. Kufika kesho yake jioni, alipoikagua mkekani kama kawaida, ilikuwa imekauka. Alipapasa, akakunja, akanusa. Hakukuwa na alama yoyote, na hata ile sehemu iliyolowa hakuweza tena kuitambua. Kama kungekuwa na ubaya, alijiambia, ungeonekana. Akaandika kwenye daftari la kamba: "Iko salama." Usiku huo alichelewa kupata usingizi, ila akasingizia joto.

Jumamosi asubuhi Mjomba Waiswa alimpeleka Jebel, akapanda naye mteremko wa mawe hadi mahali pa mazoezi, akaamua kubaki kutazama, maana wateja wa asubuhi walikuwa wachache. Wanawake wanaoponda mawe kuwa kokoto walikuwa wamekwisha kuanza kazi, nyundo zao zikigonga kila upande. Mmoja wao alikuwa Nyachangkuoth, mama yake Nyagai. Nyagai alikuwa rafiki mkubwa wa Kisakye kikundini. Mama huyo alikuwa ameishi miaka mingi katika kambi ya Kakuma kule Kenya, kwa hiyo Kiswahili kilimtoka bila shida.

"Mimi hii Jebel naijua," alimwambia Kocha Zadock, akiwa bado ameshika nyundo. "Nimeona jiwe likivunja mguu wa mtu. Mtoto wangu nakupa kwa sababu ya hiyo kamba. Bila hiyo kamba hapandi hata jiwe la kukalia."

"Nimekusikia, Mama Nyagai," kocha alijibu.

Kisakye alisikia pia.

Kocha alipanda na kamba kwa njia ya nyuma, njia ya kutembea kwa miguu, akafunga pete za chuma zenye kilango kwenye jiwe kubwa kule juu na kupitisha kamba ndani yake. Kisha akaziteremsha ncha zote mbili. Moja ingefungwa kwa mpandaji. Nyingine ingepita kwenye breki ya chuma kiunoni mwa mshika kamba aliyesimama chini, ambaye kazi yake ni kuvuta kamba inayolegea kadiri mwenzake anavyopanda, na kuibana akianguka. Mwamba wenyewe ulikuwa wima, mweusi, wenye urefu wa mita kumi na mbili. Hakuna mtoto aliyekuwa amefika mwisho wake, na leo Nyagai angejaribu. Mshika kamba alikuwa Kisakye.

Kocha aliporudi chini aliuliza swali lake la kila Jumamosi. "Mtunzaji, kamba imekutana na nini wiki hii?"

Watoto wote waligeuka. Levi, mvulana wa miaka kumi na mitatu asiyeacha utani hata kanisani, alikuwa anamtazama huku akitabasamu. Kisakye aliona namna ambavyo wangemtazama kama angesema. Aliona Jumamosi zote zinazokuja, wenzake wakipanda Jebel na yeye akimenya matoke kibandani.

"Hakuna kitu, Kocha," alisema.

"Sawa. Kagueni mikanda."

Nyagai alikagua mkanda wa Kisakye na Kisakye akakagua fundo la Nyagai.

"Napanda!" Nyagai alisema.

"Panda!"

Nyagai alipanda vizuri kuliko siku zote. Alikuwa mwepesi, miguu mirefu, na alikuwa amejifunza kuiamini miguu kabla ya mikono. Mita tatu. Mita tano. Kisakye alivuta kamba na kuibana, akavuta na kuibana. Mita nane. Kwenye mita kumi kulikuwa na ukingo mwembamba wa kuweka vidole vya miguu, na juu yake mwamba ulikuwa laini, umetokeza nje kama shavu lenye tonge. Hapo Nyagai alisimama, akajaribu mara mbili kutafuta pa kushika, asipate.

"Nimechoka!" alipiga kelele kutoka juu. "Nishushe nipumzike!"

Kushuka kwenyewe wote walikuwa wanakujua. Mpandaji anakaa kwenye kamba kama anayekaa kitini, anaachia mikono, na mshika kamba anamteremsha taratibu.

Wakati huo huo Mjomba Waiswa, aliyekuwa amesimama muda wote, alichuchumaa. Suruali yake ikapasuka gotini, ikaachia tundu kubwa ambalo goti zima lilichungulia.

Levi alicheka mpaka akashika tumbo. "Mjomba, suruali imekataa kazi!"

"Achana na mimi," Waiswa alinung'unika akishika kitambaa. Kilimegeka kati ya vidole vyake. "Haikuwa na kitu. Nimeifua jana tu. Ni ile maji ya betri ya juzi, imekula."

Kisakye alisikia maneno hayo. Suruali nayo ilikauka bila alama. Suruali nayo ilionekana nzima. Alitazama juu. Nyagai alikuwa amekwisha kuachia mkono mmoja, na mwili wake ulikuwa unaanza kuegemea nyuma.

"Usiachie!" Kisakye alipiga yowe. "Nyagai, shika mwamba! Usikae kwenye kamba! Shika!"

Nyagai alishtuka, akajibandika tena kwenye jiwe kwa mikono yote miwili.

"Kuna nini?" Kocha Zadock alimsogelea. "Ungesema tu ukweli kama umechoka kushika, mimi..."

"Kamba ni mbovu, Kocha. Ilimwagikiwa maji ya betri Alhamisi. Niliiazimisha. Nilisema uongo." Maneno yalimtoka yote pamoja, na machozi nyuma yake.

Uso wa kocha ulibadilika. Fundi wa minara anajua betri, na anajua tindikali yake inavyokula nyuzi. Hakufoka wala hakuuliza kwa nini.

"Sehemu gani?"

"Si katikati. Kama hatua nane kutoka ncha moja. Sijui ncha gani."

Kocha alitazama juu mara moja tu. "Nyagai, nisikilize! Uko salama ukisimama kwa miguu yako. Usiegemee kamba hata kidogo. Nakuletea nyingine." Kisha akashusha sauti. "Kisakye, usivute, usilegeze. Ongea naye, usinyamaze. Levi, ondoa watu wote chini ya mwamba."

Akachomoa kutoka begini kamba yake nyeupe ya kazini na pete za chuma, akakimbilia njia ya nyuma. Njia hiyo ilikuwa ndefu na yenye mawe yanayoteleza.

Nyundo za kokoto zilianza kunyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka kukawa kimya kabisa. Nyachangkuoth alikuja mbio, nyundo bado mkononi. Levi alimzuia pembeni, na safari hii hakuwa na utani wowote. Mama huyo alitazama juu, akatazama kamba, akamtazama Kisakye.

"Kisakye!" Nyagai aliita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mguu unacheza! Siwezi kuuzuia!"

Hata kutoka chini ulionekana. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka kama cherehani. Kila mpandaji mgeni anakutana na tetemeko hilo, msuli unapochoka na woga ukaingia, na likiachwa humtupa mtu.

"Shusha kisigino!" Kisakye aliita. Alijilazimisha kusema polepole. "Kisigino chini, Nyagai, kama tulivyofundishwa. Chini zaidi. Ndiyo. Sasa pumua. Nyoosha mikono, usiikunje, ning'inia kwenye mifupa."

"Unauma! Kamba iko namna gani? Naweza kukaa kidogo tu?"

Lilikuwa swali la kutisha kuliko yote. Kisakye angeweza kumdanganya ili asiogope. Lakini alikuwa amemdanganya mara moja siku hiyo, na Nyagai alikuwa pale juu kwa sababu hiyo.

"Hapana. Ukikaa inaweza kukatika. Ukisimama huanguki. Simama, Nyagai. Kocha ameshapita jiwe kubwa, namwona mgongo."

Dakika zilikwenda kwa kujivuta. Jua lilikuwa limepanda, na jiwe lilianza kupata moto. Nyagai alibadilisha mguu mmoja, akaufuta mkono mmoja kwenye suruali, akarudi kushika. Mara mbili aliteleza kidogo, na mara zote mbili wanawake chini walivuta pumzi kwa pamoja. Mjomba Waiswa alikuwa amefumba macho na kuanza kusali kwa Kisoga, lugha ya kwao Uganda.

Hatimaye kitu cheupe kilitokea juu ya lile shavu la mwamba. Kamba ya kocha iliteremka na pete ya chuma mwishoni, ikamfikia Nyagai begani.

"Mkono mmoja tu," sauti ya kocha ilisikika, tulivu. "Ivute. Ingiza pete mbele ya mkanda wako. Funga mlango wake mpaka usikie unagota."

Nyagai aliachia mkono wa kushoto. Akaikosa pete mara ya kwanza. Mara ya pili akaipata, akahangaika nayo kiunoni kwa muda ambao Kisakye aliuona hauishi.

"Imefungwa!" alilia.

"Sasa kaa."

Alikaa. Kamba nyeupe ilinyooka, ikamshika. Kocha alimteremsha hatua kwa hatua, Kisakye akilegeza ile ya machungwa, na miguu ya Nyagai ilipogusa mchanga haikuweza kumbeba. Mama yake alimdaka kabla hajaanguka, akamkumbatia kwa nguvu, nyundo ikaanguka chini.

Kocha Zadock aliporudi aliivuta ile kamba ya machungwa yote hadi chini. Alimpa Mjomba Waiswa ncha moja, yeye akashika kipande kinachofuata. "Vuta," alisema. Walivuta hatua chache, wakasogea, wakavuta tena. Upande ule hakukuwa na tatizo. Wakahamia ncha ya pili, ile aliyofungiwa Nyagai. Hatua ya tano, ya sita, ya saba. Hatua ya nane kamba ilikatika mikononi mwao kama mkate wa juzi, bila hata sauti, na wanaume wote wawili wakakaa chini kwa matako.

Hakuna aliyecheka.

"Mungu wangu," Waiswa alisema, akashika kichwa. "Ni mimi. Mimi ndiyo nilimlazimisha mtoto."

"Na mimi," Kocha Zadock alisema. Alikuwa anatazama ile ncha iliyochanika. "Niliuliza mbele ya watu, nikaridhika na jibu. Nikawatisha kwa kuwafukuza, kwa hiyo nikawafundisha kuficha. Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Kuanzia leo anayesema kamba imeharibika hafukuzwi. Ila Kisakye, hutatunza kamba mpaka mwaka ujao uishe. Na hatupandi mpaka nyingine ifike kutoka Nairobi."

"Ndiyo, Kocha," Kisakye alisema. Adhabu hiyo ilimuuma, lakini aliiona ndogo. Alijua kuna mtu ambaye bado hajaongea.

Alimwendea Nyachangkuoth, akapiga magoti mchangani mbele yake kama wasichana wa kwao wanavyowapigia wakubwa.

"Mama, nisamehe. Nilijua kamba imelowa, nikanyamaza."

Nyachangkuoth alimtazama. Mikono yake, yenye sugu na vumbi la mawe, bado ilikuwa imemzunguka mwanawe.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kufukuzwa, Mama."

"Kufukuzwa." Alilirudia neno hilo kana kwamba analipima uzito. "Wewe uliogopa kukosa Jumamosi. Mimi leo ningezika mtoto."

Kisakye alishindwa kuinua uso. Alilia kwa sauti, bila kujali Levi wala mtu mwingine yeyote.

"Nisikilize," mama huyo alisema, na sauti yake ikapungua ukali. "Alhamisi kosa lako lilikuwa dogo. Ungesema siku hiyo, lingekwisha kwa kugombezwa. Ijumaa ukalinyamazia, likakua. Leo umeulizwa, ukalificha mbele ya watu, likapanda na mtoto wangu mpaka kule juu. Kosa ukilificha halikai lilivyo. Linatafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi si yule aliyelificha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Nazungumza na wewe kwa sababu umesema wakati mtoto wangu yuko juu. Ungengoja dakika moja, tusingekuwa na la kuzungumza. Sasa inuka. Leo hii, kabla hujala, mwambie mama yako kila kitu kwa mdomo wako mwenyewe, asisikie kwa watu. Halafu njoo umsaidie huyu kushuka. Magoti yake bado hayana nguvu."

Kisakye alisimama, akajipangusa uso kwa kiwiko. Nyagai alimtazama bila kutabasamu. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Kisha akanyoosha mkono, akauzungusha shingoni mwa Kisakye na kumwegemea kwa uzito wake wote. Wakaanza kuteremka Jebel polepole, jiwe kwa jiwe, na kila mara kabla ya kukanyaga Kisakye alimwambia mwenzake kwa sauti palipo imara na palipo pabovu.